Daraja Halina Ndugu

Watu walimwita Kizibo, na jina hilo hawakumpa kwa mapenzi. Alikuwa mwendeshaji wa daraja la kuinuka, lile la chuma linalounganisha mji mkongwe na ng'ambo ya mto, na kwa miaka ishirini na sita alikula mshahara wa kubonyeza kitufe na kuwatenganisha watu na shughuli zao. Wachelewaji walimtukana. Bwana harusi mmoja alikaa kwenye foleni mpaka akapata muda wa kufikiri, akageuza gari akarudi kwao. Huyo peke yake ndiye aliyewahi kumpungia mkono wa shukrani.

Zamani daraja liliinuliwa kwa ajili ya meli za mchanga na mbao. Kisha baraza la mji likagundua kwamba uzee unauzika, na matajiri wakaanza kupanda mto na maboti yao ya ghorofa nne, meupe kama meno ya bandia, kuja kutazama kuta zilizobomoka. Ukuta ukikubomokea wewe ni uzembe. Akiupiga picha tajiri, ni historia.

Kazi alifundishwa na kaka yake mkubwa, aliyekishika kibanda cha mitambo ya daraja kabla yake. Somo lilikuwa fupi: "Daraja halina ndugu. Boti la mbele likipandisha bendera nyekundu, lina mwenzake nyuma. Usishushe mpaka wote wapite, hata aje nani."

Kaka huyo alifariki Jumanne. Mazishi yakapangwa Alhamisi saa tisa alasiri, makaburi ya ng'ambo, ambako saa kumi juu ya alama geti hufungwa na mchimba kaburi huenda kwake. Kizibo akaenda kuomba ruhusa.

"Pole sana, mzee wangu," alisema bosi wake. "Lakini saa hizo ndipo boti kubwa linapita. Wewe mzike kwa moyo tu."

"Sawa," alisema Kizibo. Tangu Jumanne alikuwa akisema sawa kwa kila kitu. Muuza chai alimpa chai bila sukari, akasema sawa, akaikoroga.

Basi Alhamisi saa nane na nusu boti likatokea. Mikono yake ikapiga kengele mara tatu, ikashusha kizuizi, ikabonyeza kitufe. Daraja lilipokuwa limesimama wima ndipo macho yalipofika kwenye foleni. Gari la kwanza, pua ikigusa kizuizi, lilikuwa gari la maiti. Aliwaambia mwenyewe wavuke saa nane kamili, lakini msiba gani uliwahi kuondoka kwa wakati?

Mjane wa kaka yake alipanda ngazi za kibanda, viatu mkononi.

"Shemeji, unatufanyia nini?"

"Boti."

"Nimeliona! Nani hajaliona? Kaka yako yuko chini pale juani."

"Hasikii jua."

"Na wewe unasikia nini?"

Kizibo alijipekua kwa uaminifu, kama mtu anayetafuta kitambulisho mifukoni. "Sijui, shemeji."

Boti lilifika katikati ya daraja, likasimama. Mwenye boti alitaka picha. Wanawake wenye kofia pana kama ungo wakawapungia mikono watu wa foleni, na wafiwa, ustaarabu nao ni ugonjwa, wakapunga. Kisha likaondoka taratibu, bendera nyekundu ikipepea. Kizibo akamwita nahodha kwenye redio kuuliza mwenzake yuko wapi.

"Boti la midoli liko nyuma kidogo," redio ikajibu. "Pikipiki za maji, helikopta, vitu vya namna hiyo. Limeegesha. Mbwa ameshuka kujisaidia."

Shemeji akatazama saa. Saa tisa na dakika tano. "Tunamsubiri mbwa?"

"Ndio utaratibu. Kaka mwenyewe angesubiri. Daraja halina ndugu."

Mjane akacheka, kicheko kikavu kama mkate wa juzi. "Yeye? Siku niliyojifungua mtoto wetu wa kwanza alishusha daraja katikati ya meli mbili za mchanga, akaja hospitali mbio, jasho hadi kwenye soksi. Akaniapisha nisikwambie. Alisema ukijua utaharibika kikazi."

Kizibo hakusema sawa. Akabonyeza kitufe.

Daraja lilishuka likilalamika. Kizuizi kikainuka, na gari la maiti halikuwaka. Dereva alikuwa ameacha redio ikiimba kwa dakika thelathini na tano, betri ikamtangulia marehemu kaburini. Kizibo akachomoa ufunguo wa mitambo, akautia mfukoni, akateremka.

"Haya, wajomba, bega!" dereva akapiga kelele. Wakasukuma: binamu, majirani, mjane na viatu vyake, na mwendeshaji wa daraja katikati, viganja kwenye bati la moto. Walikuwa katikati ya daraja boti la midoli lilipotokea kwenye kona likipiga honi. Juu yake watu walipiga makofi na kurekodi, wakidhani ni maonyesho ya mji. Mbwa naye alikuwepo, mwepesi na mwenye furaha.

Hakuna aliyepunga safari hii. Mikono ilikuwa na kazi.

Mchimba kaburi alikuwa na kufuli mkononi walipofika. Akamtazama Kizibo, akakumbuka foleni zote alizowahi kukaa. "Leo wewe ndiye umechelewa," akasema, akafungua geti.

Simu ilianza kuita mfukoni Kizibo alipokuwa ameshika koleo. Ikakata, ikaita tena, ikigongana na ufunguo.

"Si upokee," shemeji akamnong'oneza. "Huenda ni la muhimu."

"Ni mbwa," alisema Kizibo, akamwaga udongo. Bado hakusikia kitu, isipokuwa viganja. Viganja vilikuwa vinaungua.