Kilichokuwa Ndani ya Kopo la Waridi

Kama ulitaka kumkasirisha Tata Bilha, ulihitaji kumwambia tu kwamba krimu zote ni sawa. Angeweka kijiko chini, akutazame toka utosini hadi vidole vya miguu, halafu akuulize kama chai na maji ya kuoshea vyombo ni kitu kimoja kwa vile vyote vina maji. Mimi naitwa Rahab, mtoto wa dada yake (tata kwetu Wakikuyu ni mama mdogo), na cherehani yangu ilikaa kwenye veranda ya duka lake pale Kambu kwa miaka kumi na tisa. Maneno hayo niliyasikia mara nyingi kuliko mahubiri.

Alifika Kambu mwaka wa sitini na tatu na mume wake Kinuthia, mfanyakazi wa reli. Homa ya mapafu ilipomchukua Kinuthia, ilimwachia Tata duka la mbao kando ya barabara ya Mombasa na msichana mmoja wa miaka kumi, Wanjiro. Watu wa nyumbani Nyeri walimtarajia arudi. Hakurudi. Alisafisha upande mmoja wa kaunta, akaanza kuuza mafuta ya kujipaka kwa kupima.

Hapo lazima nieleze, maana mambo yote yanaanzia hapo. Siku hizo Kambu hakuna aliyenunua kopo zima la krimu. Mwanamke aliteremka sokoni na chombo chake mwenyewe, Tata akachota kutoka kwenye ndoo kubwa, kijiko kimoja au viwili, akasawazisha juu kwa kisu. Chombo kilikuwa chochote. Mkebe wa mafuta ya kupikia ya Kimbo ulitiwa sukari, chupa ya soda ilitiwa mafuta ya taa, na kopo la rangi ya viatu, likishasuguliwa kwa majivu, lilibeba mafuta ya mtoto. Maandishi ya nje hayakuwa na kazi. Wengi hawakujua kuyasoma, na Tata mwenyewe alikuwa wa kwanza kati ya hao.

Wanjiro ndiye aliyeyapa kazi. Alipokuwa shule ya bweni, alirudi likizo moja na kichwa kimejaa kemia, akaketi juu ya gunia la maharagwe, akaanza kumsomea mama yake yaliyoandikwa kwenye makopo na ndoo. Walianzisha daftari. Wanjiro alichora mistari, juu akaandika majina ya krimu, kando akaandika vilivyomo: maji, gliserini, nta ya nyuki, lanolini ambayo ni mafuta ya sufu ya kondoo, manukato. Alama ya msalaba ilimaanisha kimo, nafasi tupu ilimaanisha hakimo. Waligundua kwamba krimu ya wake za maofisa na ile ya wapagazi wa stesheni zilitofautiana manukato peke yake. Tata alicheka mpaka akashika mbavu. Alipata taabu na maneno ambayo hakujua kuyasoma, lakini alikariri kila msalaba, na wateja wakaanza kumwita Daktari.

Ukiniuliza ni lini nilimwona na furaha kamili, nitakuambia ni hapo, wawili wamelalia kaunta, mmoja anasoma, mwingine ananusa kijiko na kutoa hukumu. Niliwaonea wivu kidogo, sifichi.

Mwaka wa sabini na saba Wanjiro alimaliza chuo cha ualimu, akapelekwa Nuu, huko mbali upande wa Mwingi. Ilikuwa safari ya siku mbili. Jua la Nuu halina mchezo, na baada ya muhula wa kwanza uso wake ulikuwa umekauka. Krismasi aliacha nyumbani kopo lake la Waridi, krimu aliyoipenda, likiwa tupu, akamwomba mama yake alijaze na kumtumia.

Waridi ilikuwa imekwisha dukani. Wiki hiyo hiyo akapita mchuuzi mmoja kutoka upande wa pwani na ndoo nyeupe isiyo na karatasi yoyote. Alisema ni krimu ya ng'ambo, wanawake wa Mombasa wanaigombania, na bei yake ilikuwa mara tatu ya Waridi. Tata aliinusa, akaipaka mkononi, ikang'aa. Akanunua. Na kwa kuwa mtoto wake alikuwa mmoja tu, hakumtumia kitu cha bei rahisi. Alilijaza lile kopo kwa krimu mpya hadi ukingoni, akalifunga kwa kitambaa nilichomshonea, tukalituma kwa dereva wa lori. Wala hakuona haja ya kuandika ni nini. Mtoto ameomba mafuta, ametumiwa mafuta yaliyo bora zaidi. Mtu yeyote wa Kambu angefanya vile vile.

Mwezi wa saba akaja Mama Nzioka, mteja wetu wa kila soko, leso ameishika mdomoni. Alipoitoa, niliacha kushona. Mashavu yalikuwa yamechubuka na chini ya macho ngozi imekuwa nyeusi, karibu ya bluu. Alifuatwa na wengine wawili. Tata aliimwaga ile ndoo chooni, akarudi akaketi, na hapo ndipo alipokumbuka kopo. Alinituma nimwandikie Wanjiro aache mara moja. Kabla sijapata bahasha, barua yake ikawa imefika.

Nilimsomea. Wanjiro aliandika kwamba mwanzoni uso uling'aa, walimu wenzake wakamsifu, kisha jua likamchoma kama halijawahi kumchoma, na sasa ana madoa ambayo poda haifichi. Aliandika kwa utulivu wa mwalimu. Alikuwa amechukua maandishi ya kopo la Waridi na kuyalinganisha na krimu ya mwenzake ambaye hakupata madhara, na tofauti aliyoiona ni lanolini. "Nadhani ngozi yangu haipatani na lanolini, mama. Ni ajabu, maana zamani ilipatana."

 Tata akasema, "Mwandikie pole. Mwambie aache hiyo lanolini."

Mimi nilijua. Nilikuwa na mdomo na nilikuwa na kalamu, na niliandika hivyo hivyo. Sina cha kujitetea.

Baada ya hapo barua zilikuja kila mwezi, na kila moja ilikuwa na orodha. Lanolini aliiacha, madoa yakabaki. Akashuku manukato. Akaacha manukato, akashuku nta, kisha gliserini. Aliazima vitabu kwa padri mmoja, aliandika vilivyomo katika krimu kumi na moja, akakata kimoja kimoja, vitu visivyo na kosa lolote, mpaka ikawa hapaki chochote katika ule ukavu ila mafuta ya mbarika aliyokamuliwa na jirani. Nyumbani hakuja. Alisema barabara ya Mombasa ina macho mengi na kila mtu Kambu anamjua uso. Mara moja tu, mwaka wa themanini na moja, alipita jioni amejifunika leso, akalala, akaondoka kabla duka halijafunguliwa. Tata alikuwa na usiku mzima wa kumwambia. Asubuhi aliniambia kwamba alimpikia irio tu.

Nilimkasirikia. Nilimwambia waziwazi kwamba mtoto anatafuta mwizi ndani ya nyumba isiyoibiwa. Alijibu kwamba akisema, Wanjiro hatamtaka tena. Kila basi lililosimama alitazama mlango wake mpaka abiria wa mwisho ashuke, hata mabasi ya kutoka Mombasa, ambako Wanjiro asingeweza kutokea.

Lakini jambo moja alilifanya. Alijiunga na ngumbaru, darasa la watu wazima lililokuwa kanisani, chini ya mwalimu mmoja mzee aliyeitwa Jonah. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, anaketi dawati moja na wateja wake. Kuuza kwa kupima aliacha kabisa. Aliuza makopo yaliyofungwa, yenye maandishi, na kabla ya kukupa alikusomea yote, herufi moja moja, hata kama basi lako linapiga honi. Nusu ya wateja walihamia duka la Kiilu ng'ambo ya barabara.

Mwaka wa themanini na tano, ukame mkubwa ulipokwisha, ikaja barua akaichukua mkononi mwangu. Alisema ataisoma mwenyewe. Ilimchukua mchana wote. Niliona kidole chake kikienda na kurudi juu ya mstari mmoja, na baadaye akanipa nami nikausoma.

Safari hii hapakuwa na orodha. Wanjiro aliandika kwamba Musembi, mwalimu wa hesabu wa pale Nuu, ameoa Jumamosi, harusi ilikuwa nzuri, naye aliimba katika kwaya. Kisha akaandika: "Aliniuliza mimi kwanza, mama, miaka miwili iliyopita. Nilimkataa. Kitu kilicho kwenye ngozi yangu sikijui, na sikutaka kukiachia mtoto wa mtu."

Tata hakulia mbele yangu. Aliomba karatasi na penseli, akakataa nimsaidie hata neno moja. Barua yake ilikuwa fupi, herufi kubwa zinazopanda na kushuka. Alinionyesha ili nitazame kama inasomeka.

"Wanjiro. Kopo lilikuwa la Waridi. Ndani haikuwa Waridi. Nilitia mafuta ya ndoo ya mtu wa pwani. Yaliunguza na watu wengine hapa. Nilijua tangu mwaka ule. Rahab aliandika nilivyomwambia. Ngozi yako haina ugonjwa. Mimi mama yako."

Wiki tatu hatukupata jibu. Halafu Jumamosi moja, saa sita mchana, jua likiwa wima na soko limejaa, Wanjiro alishuka kwenye basi bila leso usoni. Alipita katikati ya watu wote wale waliokuwa wanamjua, akaingia dukani, akaketi kwenye kiti cha wateja. Madoa yalikuwa yametulia lakini yalikuwepo. Mimi niliendelea kuzungusha cherehani bila kitambaa.

Alimuuliza mama yake ile ndoo ilikuwa na harufu gani, ilikuwa na rangi gani, ilikaa muda gani dukani. Tata alijibu kila swali. Wanjiro aliitikia kwa kichwa kila mara, anavyoitikia mwalimu anaposahihisha. Maswali yalipokwisha, magari ya mizigo yakapita.

"Miaka saba," Wanjiro akasema, "nimekuwa nikijiogopa mwenyewe."

"Niliogopa nikisema hutakuja tena."

"Na kwani nilikuwa nakuja, mama?"

Hakusema kwa ukali. Nadhani kama angepiga kelele, Tata angepata mahali pa kushika. Alitazama mikono yake juu ya kaunta.

Tangu mwaka huo Wanjiro alikuja kila Krismasi, mpaka Tata alipofariki mwaka wa tisini na tatu. Alileta sukari, majani ya chai, na mara moja blanketi zito. Barua zile ndefu zilikoma, na Tata, ambaye sasa angeweza kuzisoma zote bila msaada, alikuwa akienda posta Ijumaa na kurudi mikono mitupu. Siku yenyewe ya Krismasi Tata alichinja kuku tangu alfajiri, akasonga ugali mwenyewe, akampakulia binti yake mapaja yote mawili. Wanjiro alisimulia habari za wanafunzi, akajibu alichoulizwa, mkoba ukiwa mapajani. Mama yake hakula. Alimtazama tu, na sijaona tena mtu akimtamani hivyo mtu aliyeketi naye meza moja.

Saa nane basi la Kitui lilipopiga honi, Wanjiro alisimama, akakunja kitambaa alichofutia mikono, akamshukuru mama yake kwa chakula.