Betri ya Mtaa na Pumzi ya Baba Minayo

Siku yangu ya kwanza kazini asidi ilinitoboa sketi. Nilikuwa nimeajiriwa katika karakana ya kuchaji betri mjini Kakamega, enzi ambazo watu wa Malinya na Mukumu walifunga betri za gari nyuma ya baiskeli wakatuletea tuzijaze, ili nyumbani waone televisheni. Fundi Mkuu, mtu mnene mwenye sauti ya chini, alinikuta nikimimina maji ya betri kwa pupa, akacheka.

"Asidi inakulanga watu wa haraka," aliniambia. "Betri haikimbizwi, mama. Ukiijaza mbio inachemka, ukiikausha kabisa inakufa."

Ninyi vijana mnaosoma haya, jueni kwamba mimi sikuumbwa kutulia. Hata kanisani nakaa karibu na mlango. Kazi hiyo basi ilikuwa adhabu na shule kwa pamoja, maana betri humtaka mtu asubiri. Tulipima asidi kwa haidromita, kijibomba cha kioo chenye boya ndani. Boya likielea juu betri imeshiba, likizama bado ina njaa. Nilikuwa narudi kulitazama kila mara, kama mpishi asiyeacha kufunua sufuria ya maharagwe.

Baadaye nilihamishiwa Mautuma, kwenye kituo cha umeme wa jua kilichohudumia soko. Huko nilijifunza inverta, mashine inayogeuza umeme wa betri uweze kuendesha vifaa vya nyumbani. Msimamizi wa Kituo, mzee mkali wa mashati meupe, alikuwa na neno moja tu kwa kila aliyeomba umeme zaidi: "Mkulima hakulangi mbegu." Alimaanisha kwamba kuna akiba isiyoguswa hata watu walie. Nilimwona mkatili. Hata hivyo nilimtii, na mitambo yake haikuwahi kuharibika.

Miaka yangu ya mwisho ndiyo ya betri ya mtaa. Ilikaa ndani ya kontena katika mtaa wetu wa nyuma ya soko, mahali ambapo mabati ya nyumba yanagusana na ukikohoa jirani anakwambia pole. Zilikuwa betri za lithiamu, zisizohitaji kuongezwa maji. Mchana zilijazwa na sola za mapaa, jioni zikagawia nyumba umeme wakati kila mtu anapika na kuwasha taa. Ndani mlikuwa na kompyuta ndogo tuliyoiita mlinzi. Betri ikishuka hadi robo, mlinzi alikata nyumba zote akabakiza laini ya wagonjwa peke yake. Palikuwa na swichi ya kumpita mlinzi, na ufunguo wake niliuvaa shingoni.

"Ufunguo hauazimwi, senje," Mhandisi wa Mradi aliniambia aliponikabidhi. Alikuwa kijana wa adabu, akiniita shangazi. "Hata mimi nikiuomba, ninyime."

Sasa, laini ile ya wagonjwa ilikuwa na nyumba moja tu, na nyumba hiyo ilikuwa yangu. Mume wangu, Baba Minayo, alichimba dhahabu Ikolomani ujanani, na vumbi la mashimo lilimkaa mapafuni. Alipumua kwa mashine ya oksijeni iliyonguruma kando ya kitanda chetu mchana na usiku.

Jirani yetu Baba Shiundu alifariki msimu wa mvua. Alikuwa mtu wa fahali wa kupigana, anajulikana Malinya yote. Mwili ulitolewa mochari mchana ukaletwa mtaani uagwe, ili kesho yake upelekwe kwao kuzikwa. Kwetu mtu mzima kama huyo halazwi gizani, wala halazwi kimya. Hema likasimamishwa, spika kubwa zikakodiwa. Mara mvua ya mawe ikaja na upepo, transfoma ikalipuka kwa kishindo, stima ikapotea. Mtaa mzima ukaegemea betri, spika na kila kitu.

Jua lilipokuwa linazama, mlinzi akakata. Hema likawa giza, nyimbo zikakatika katikati. Katika ukimya huo, kila mtu akasikia mashine ya Baba Minayo ikinguruma dirishani kwangu.

Walikuja kundi zima. Aliyetangulia alikuwa mdogo wake marehemu.

"Mama Minayo, ndugu yetu amelala gizani na kwako kunanguruma. Hii betri ni ya mtaa ama ni ya bwana yako?"

"Huo ndio utaratibu, shemeji."

"Utaratibu gani unajuanga nyumba moja tu?"

Niliwaeleza kwamba mtungi wa akiba wa oksijeni wa Baba Minayo ulikuwa umepelekwa kujazwa, na kwamba mti ulikuwa umeanguka barabarani, gari la wagonjwa lisingepita. Nikifungua ile swichi, spika zingemaliza akiba kabla ya asubuhi. Nilimpigia Mhandisi. "Usifungue, senje," akasema, simu ikakatika.

Nilikuwa na haki, na nilijua hakuna atakayeniamini. Hata mimi nisingemwamini mwanamke aliyesimama pale nilipokuwa nimesimama. Miguu ilikataa kutulia. Nikauvua ufunguo, nikaingia hemani, nikamwekea mkononi mjane, Mama Shiundu, aliyeketi mkekani kando ya jeneza.

"Wewe ndiwe uliyefiwa," nikamwambia. "Amua wewe."

Akainuka. Hakuenda kwenye kontena, alienda nyumbani kwangu, nami nikamfuata. Akaketi ukingoni mwa kitanda akamtazama Baba Minayo na mpira wa oksijeni puani. Nilitamani kumnyang'anya ule ufunguo. Nasema wazi, nilitamani.

Kisha akatoka. "Leteni isukuti," akawaambia watu, "ngoma za kwao hazina waya. Na nyinyi wa boda, pangeni pikipiki hapa muwashe taa."

Pikipiki zikapangwa kuelekea hemani, na watu wakacheza kwenye matope mbele ya jeneza. Mdogo wake marehemu ndiye aliyeshika ngoma ya kwanza, bado amenuna. Lakini Mama Shiundu hakunirudishia ufunguo. Aliufunga kwenye pindo la leso yake, nami nikatembea, kutoka kontena hadi kitandani, kitandani hadi hemani, nikiitazama leso ile.

Stima ilirudi kulipopambazuka. Ndipo akanitilia ufunguo kiganjani. "Nilienda kwako kutafuta roho ya kumzima bwana yako," akaniambia. "Nikaikosa."

Nilipostaafu walinifanyia sherehe ya soda na ingokho, kuku wa kienyeji. Mhandisi alisimama akasema mimi ndiye niliyelinda akiba siku ya mvua ya mawe, watu wakapiga makofi, nikainuka kwenda kuangalia kuku jikoni. Vijana huniuliza kazi ilinifunza nini. Huwaambia yale ya Fundi Mkuu na ya Msimamizi wa Kituo, na ni kweli tupu: msikimbize betri, msile mbegu. Lakini mimi mwenyewe silali vizuri.

Niliporudi kutoka mazishi ya Baba Shiundu kule Malinya, Baba Minayo aliniita. Siku hizo alisema kwa vipande, akivuta pumzi katikati.

"Ile pumzi uliyompa Mama Shiundu mkononi, ilikuwa ya nani?"

"Yako."

"Nilikuwa macho. Baba Shiundu alikuwa rafiki yangu. Pengine ningesema ufungue. Pengine ningekataa. Mbona hukuniuliza?"

Nikachukua ufagio. Jibu nimelitafuta tangu hapo, nikifagia uwanja uliokwisha kufagiwa, nikienda sokoni bila haja ya kitu, na sijalipata. Yeye hajauliza tena. Ufunguo uko na mtu mwingine sasa, na sina ruhusa ya kuingia kwenye kontena. Stima ikipotea, mimi huitazama mashine. Yeye hunitazama mimi.