Ketrina na Saa ya Nakonde

Ketrina alizaliwa kijiji cha Ruanda, Mbozi, kwenye familia ya wakulima wa kahawa ambako mtu hasemi ndiyo kwa sababu tu kaambiwa na mkubwa. Kwa hiyo msimshangae kwa alichofanya Tunduma mwaka 2014.

Alisimamia chumba cha seva cha kampuni ya kutoa mizigo mpakani. Laini moja ya mtandao ilihudumia ofisi mbili, ya Tunduma na ya Nakonde, ng'ambo Zambia. Ikijaa, nyaraka za malori hukwama na madereva huporomosha matusi. Ketrina alikuwa na daftari la miaka mitatu: saa ngapi laini imejaa, saa ngapi ina nafasi. Kwa daftari hilo alibashiri ya kesho, na mara chache alikosea.

Ndipo akaja Raphaeli, mtaalamu kutoka Dar, na programu ya kubashiri nafasi ya mtandao. Programu ikasema saa saba mchana laini ni nyeupe, watu wote wanakula. Akaamuru nakala ya kumbukumbu zote, mzigo mzito kuliko yote, itumwe saa hiyo.

"Hapana," Ketrina alisema. "Saa hiyo Nakonde hawajala, wanakimbizana kumaliza kazi. Tutume saa nane na robo, wao wakiwa wanakula."

"Dada, programu imesoma rekodi za ofisi zote mbili. Bonyeza kitufe utume, au kesho unahamia mapokezi."

"Nihamishe. Kitufe hicho sibonyezi."

Inaudhi jamani, mwenye daftari kunyamazishwa na mwenye tai! Saa ya ukutani ilikuwa saba kamili. Ketrina akampigia simu Rabson wa ofisi ya Nakonde, akaweka spika, akamsalimu kwa Kibemba.

"Mulishani, ba Rabson. Kwenu saa ngapi?"

"Bwino, mayo. Saa sita. Kula bado, tuna malori arobaini hapa!"

Zambia iko nyuma kwa saa moja. Kompyuta za Nakonde zilirekodi saa za kwao, na programu ikazichanganya na zetu kana kwamba mpaka haupo. Muuza nyanya wa Tunduma asingekosea hivyo.

Raphaeli akakubali kusubiri. Mzigo ulitumwa saa nane na robo, ukapita wote. Jioni Raphaeli akamletea Ketrina kompyuta yenye ripoti ya kutuma Dar: "Nimegundua kasoro na kuirekebisha."

Ketrina akafuta "nimegundua", akaandika "Ketrina amegundua". Akamgeuzia kompyuta.

"Haya, mtaalamu. Kitufe hiki cha kutuma bonyeza wewe."

Raphaeli akabonyeza.