Kalavati Nililolipima Vibaya

Mpaka leo, nikiwa nyumbani Manundu na wingu likajikusanya upande wa Handeni, viganja vyangu vinaloa jasho. Majirani wanafurahi, mahindi yao yatapata maji. Mimi nawaza kalavati, lile daraja dogo la zege la kupitishia maji chini ya barabara.

Lilikuwa la kwanza kulisimamia peke yangu, juu ya korongo la huko Handeni ambalo kwa miezi mingi huwa mchanga mtupu. Kabla ya kuchora nilitakiwa kujua mafuriko yanafika wapi, na jambo kama hilo unawauliza wenyeji. Nikawauliza wazee barazani kwa mwenyekiti wa kijiji. Nikawauliza wafugaji. Wakanionyesha alama ya mafuriko kwenye mti, nikapima, nikaandika. Kinamama waliokuwa wakichota maji kwenye visima vya mchangani, hatua chache kutoka niliposimama, sikuwauliza neno. Niliogopa mafundi wangu wasije wakasema injinia wa kike amekuja kupiga soga na wanawake wenzake.

Zege lilipokwisha kukauka, mama mmoja alitua ndoo akalitazama.

"Mwanangu, mbona mmelijenga chini hivi?"

Nikamwambia wazee ndio walionionyesha alama.

"Masika ng'ombe wanakunywa popote, wanaume hawafiki huku. Tunaofika ni sisi." Akanyoosha kidole kwenye kichaka kilicho juu zaidi ukingoni. "Maji yanafika pale."

Nilimshukuru, nikaingia garini, nikaondoka. Sikumwambia mtu. Kila siku nilijiambia nitasema kesho, na kila siku nilitazama mbingu.

Wiki tatu baadaye shule moja ya jirani iliniletea wasichana waliokaribia kuchagua kati ya sayansi na masomo mengine. Mwalimu wao alitaka niwatie moyo. Basi dogo likapita juu ya kalavati, likawashusha ng'ambo, na mimi nikaanza kuhubiri kuhusu nondo na kokoto kwa sauti ya mtu asiye na shaka yoyote. Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono.

"Injinia, hesabu naziweza, lakini mimi ni mwoga. Wewe huwa huogopi?"

"Mhandisi hana nafasi ya kuogopa," nikajibu.

Akashusha mkono polepole. Nikamsikia akimwambia mwenzake, "Basi haitanifaa." Neno lile lilinichoma, lakini nilikuwa nimeshasema.

Ndipo ngurumo ikasikika upande wa milimani. Kwetu hakukuwa na tone. Muda si mrefu maji ya udongo mwekundu yakaja yakisukuma matawi, yakajaza mdomo wa kalavati. Dereva akawasha gari, wasichana wakakimbilia kupanda.

"Injinia, tuvuke upesi, bado hayajapanda juu," akasema dereva.

Wote wakanitazama. Nikiwaruhusu, huenda wakavuka salama na siri yangu ikabaki kwangu. Nikiwazuia, lazima nieleze sababu, na nilijua maneno yatakayonifuata mpaka ofisini: si tulisema, mwanamke.

"Zima gari," nikasema. "Washuke. Nililipima vibaya. Maji yatapita juu."

"Si umelijenga mwenyewe?" dereva akauliza.

"Ndiyo maana najua."

Nikawaambia yote, tangu barazani kwa mwenyekiti mpaka yule mama wa ndoo. Nikawaambia nimeogopa kwa wiki tatu, na kwamba hata hapo niliposimama nilikuwa naogopa. Maji yakapanda, yakafunika zege, tukawa hatuoni tena njia ilipo.

Yule binti mwoga aliondoka kundini. Akaokota jiwe, akaliweka maji yalipoishia. Yakapanda, akaweka jingine juu zaidi. Hakuna aliyemtuma.

Alasiri maji yakapungua. Kalavati lilikuwa bado lipo, ila udongo wa upande mmoja ulikuwa umeliwa, na mahali ambapo tairi zingepita palikuwa shimo. Dereva akalichungulia, akavua kofia. Mwalimu akaanza kuwahesabu wasichana, akafika mwisho, akaanza upya.

Mimi nilifuata mawe. La mwisho lilikuwa chini ya kichaka alichonionyesha yule mama. Nikatoa daftari, nikatoa tepu ya kupimia, nikaanza kuikunjua. Binti akaja akasimama karibu nami.

"Injinia, mimi bado naogopa."

"Hata mimi," nikamwambia. "Shika huku."

Akaishika. Mkono wake ulikuwa unatetemeka, lakini namba aliisoma sawasawa.