Ukuta Wenye Homa

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, sijui kama mtayasoma wenyewe au mtasomewa, maana Kiswahili mnakisikia lakini mnajibu kwa Kiingereza. Vyovyote. Mie nilisoma chuo cha Kurani na madarasa manne ya skuli, kisha nikaolewa. Sikuwa mtu wa mikutano wala wa kaunsili. Ukuta ndio ulionitoa ndani.

Tunakaa ghorofa ya tisa huku ughaibuni, si mbali na Stratford. Asubuhi moja lifti ilikawia, nikauegemea ukuta ulio karibu na kabati la umeme, mifuko ya soko mikononi. Nikahisi joto mgongoni. Nikatua mifuko, nikaweka kiganja. Ulikuwa na joto kama paji la uso la mtoto mwenye homa, na ilikuwa Januari, jengo zima baridi tupu. Nikatega sikio. Ndani mlikuwa na mvumo, kama nyuki waliofungiwa mtungini.

Mjukuu wangu wa kike akapiga simu kaunsili, ndio wenye jengo. Wakamwambia lalamiko wameshaandika. Wiki ikapita, akapiga tena. Wameshaandika. Na mie kila asubuhi naweka kiganja pale, na kila asubuhi joto limepanda kidogo, au mie ndiye niliyekuwa naogopa zaidi.

Nikamgongea jirani yangu wa mlango wa pili, nesi kutoka Kenya.

"Mama, hii si ya simu," akasema. "Hii ni ya sahihi. Jengo zima."

"Mie nitaandika nini na Kiingereza changu cha dukani?"

"Kuandika niachie mimi. Wewe lete miguu na mdomo."

"Miguu mibovu."

"Basi mdomo. Huo najua ni mzima."

Tukaanza juu tukishuka. Watu wakatia sahihi, wengine hata bila kuuliza. Ghorofa ya sita kuna mzee wa Pemba anayeishi peke yake. Aliishika karatasi, akaisoma yote, akanirudishia.

"Bibi, mie nilishatia jina langu kwenye karatasi mara moja, kwetu. Ndio nikafika hapa."

"Hii ni ya ukuta tu."

"Ile nayo ilikuwa ya kitu kidogo tu."

Akafunga mlango. Nikasikia makomeo mawili. Sikumlaumu.

Sahihi zikafanya kazi. Kaunsili wakaleta mkaguzi, na wakasema ataanzia kwangu, kwa kuwa jina langu ndilo la kwanza. Wageni wanakuja, nikafanya kama nilivyolelewa. Nikafagia, nikatandika mashuka mapya, nikatia udi kwenye chetezo tangu asubuhi. Mkaguzi akaingia na nesi nyuma yake, moshi wa udi umetanda sebuleni, na hakuna kinacholia. Akainua macho darini.

Kengele ya moshi ilikuwa imevaa kofia ya plastiki ya kuogea. Niliivisha mwenyewe tangu Ramadhani, maana ilipiga kelele kila nikiteleka mafuta au nikifukiza. Na si mie peke yangu. Nyumba zetu nyingi mle zilikuwa hivyo, na wengi niliwafundisha mie.

Mkaguzi akapiga picha.

"Mama, si ungeivua japo leo?" nesi akaninong'oneza.

"Nimeizoea. Siioni tena."

Kisha tukatoka kwenda kwenye ukuta. Akaweka mkono, akauondoa upesi, akaufuta kwenye suruali. Kule kuufuta mkono ndiko kulikonitia baridi.

Barua ilipokuja mjukuu alinisomea. Karibu yote ilikuwa juu yetu: wakaazi wanaziba kengele, wakaazi wanahatarisha jengo. Ukuta ulipewa mstari mmoja, mwisho kabisa. Utaangaliwa.

Niliona haya, sifichi. Nilikuwa nimewapa cha kutuziba mdomo. Siku ya pili nikashika fimbo yangu, nikaanza upya, mlango kwa mlango, safari hii bila karatasi. Neno langu moja tu: zivueni kengele.

"Bibi, si wewe uliyetufundisha?" mama mmoja akanicheka.

"Ndiye mie. Ndio nimekuja mwenyewe. Panda kiti."

Mzee wa Pemba alifungua, akanisikiliza, akapanda kiti mbele yangu akaivua kengele yake mfuko wa plastiki. Nikamuuliza kama sasa atatia na sahihi.

"Kengele, ndiyo. Jina, hapana."

Tumepeleka barua ya pili, na picha za kengele zilizo wazi, nyumba baada ya nyumba. Hawajajibu. Wiki hii rangi ya ule ukuta imeanza kuvimba, kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto, na ule mvumo siku nyingine hunyamaza kabisa, kisha huanza tena. Bora uvume.

Ijumaa, baada ya kula, niliwakalisha wote wa nyumbani kwangu. Nikawaambia kofia haivishwi tena. Chakula kikiungua, na ilie. Wageni wakija, wataingia nyumba isiyonukia. Viatu vikae mlangoni, ncha zikitazama nje, na moto ukija ni ngazi, si lifti.

Mjukuu akanitazama miguu. "Bibi, ngazi zote hizo, na magoti yako?" Kwa Kiswahili, safari hii.

"Magoti ni yangu. Kengele ikilia, shukeni. Msigeuke nyuma, msinisubiri."