Wembe Shingoni mwa Mwamuzi

Kinyozi wetu hapa Matanzas hunoa wembe mara saba kwenye ukanda wa ngozi, hata kama tayari unakata vizuri. Wateja hupenda kumchokoza kuhusu ile fainali ya besiboli ya miaka thelathini iliyopita, aliporusha mpira wa mwisho, Liborio wa timu pinzani akaupiga ukavuka ukuta, nasi tukakosa kombe. “Mzee, ule mpira umeshatua?” humuuliza. Yeye hucheka kidogo, kisha huinamisha kichwa cha mteja kwa vidole viwili.

Jumamosi alikuja Evelio, aliyekuwa mwamuzi siku ile. Wembe ulipofika kooni akasema, macho ameyafumba, “Ndugu yangu, ule mpira ulipita nje ya nguzo ya mpaka wa uwanja. Haukuwa halali. Jua lilinipiga machoni, nikasikia watu wanashangilia, nikanyanyua mkono kuukubali.” Wembe ulisimama juu ya povu. Kinyozi akauinua, akaufuta polepole kwa taulo la begani, akauweka mezani.

“Ngoja kwanza,” akamwambia. “Mkono huu sasa hivi si wa kumnyoa mtu.”

Akatoka kusimama barazani, akamwacha Evelio kitini, povu likimkaukia shingoni.