Niliambiwa nisivune kabichi zangu mpaka Mheshimiwa azione

Wakuu habari za humu. Wakubwa zangu shikamooni, na wadogo marahaba hata kama hamjaamkia.

Mimi ni msomaji wa kimya. Huwa napita, nacheka na vituko vya wenzangu, naenda kulala. Leo ni zamu yangu kuchekwa. Haya hayakumpata rafiki yangu wala "jamaa mmoja", yamenipata mimi, na mke wangu yuko hapa pembeni anachambua maharage. Namsomea kila ninachoandika, na nikizidisha chumvi ananirudisha.

Mimi ni mkulima huku Usambara, juu kidogo ya Lukozi. Kijiji sikitaji, maana Mtendaji wetu naye ana simu janja na bando halimwishii.

Kwa msiojua Lushoto, mashamba yetu mengi ni ya mteremko. Ukiteleza kwako unaamkia kwa jirani. Mali iko bondeni. Huko kuna udongo mweusi na maji ya mfereji, unalima hata kiangazi. Wenye bonde wamelirithi na hawauzi, sisi wengine tunakodi.

Mimi nilikuwa nakodi kwa Baba Mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu. Undugu ni undugu ila kodi ni kodi. Ukivuna, unalipia msimu unaofuata. Usipolipa, nyuma yako kuna foleni ya watu wanaolitaka bonde hilo hilo, na wengine ni ndugu pia. Nilichokuwa napigania mimi ni kubaki kwenye lile bonde, basi. Ukiniondoa pale mimi si mkulima tena, ni mtu mwenye jembe tu.

Sasa msimu ule kabichi zilikubali. Nilitia samadi ya kutosha, nikamwagilia, wadudu wakawa wachache, zikafunga ngumu kama mawe. Watu waliokuwa wanapita njiani walikuwa wanasimama kuangalia. Mke wangu anasema niongeze kwamba nilikuwa napita pale hata nisipokuwa na kazi, ili nisifiwe. Ni kweli.

Kero zetu kijijini zilikuwa mbili. Ya kwanza ni wezi. Wanakuja na pikipiki na viroba, wanakata kabichi, wanang'oa karoti, asubuhi unakuta mashimo. Ukienda kuripoti unaambiwa usafiri hakuna, mkimkamata mleteni. Jirani yangu aliwahi kuuliza, "Tumlete na nini?" Akajibiwa na bodaboda, nauli juu yenu. Akapiga hesabu ya nauli ya kwenda wawili na kurudi mmoja, akaona bora mwizi abaki na karoti.

Ya pili ni barabara. Mvua ikinyesha lori halipandi. Tunashusha mzigo kwa vichwa mpaka linapofika lori, na mnunuzi anakata bei kwa sababu umechelewa.

Basi siku moja Mtendaji akaja shambani. Ni kijana wa Tanga mjini, mstaarabu, sina ugomvi naye hata leo. Akazunguka kabichi zangu kama mtu anayechagua mchumba.

"Kaka, Mheshimiwa anakuja wiki hii kukagua kilimo," akaniambia. "Kijiji kizima hakuna shamba kama hili. Atasimama hapa hapa."

Nikamwambia namshukuru Mungu.

"Na wewe ndiye utapewa maiki. Utaeleza kero za wananchi. Ila usivune kwanza mpaka azione."

Wakuu, hapo ndipo niliponasa. Mtu ambaye hajawahi kusikilizwa hata na balozi wa nyumba kumi, anaambiwa atapewa maiki. Nikakubali palepale. Jioni nikaanza mazoezi mbele ya mke wangu, yeye ndiye Mheshimiwa, mimi ndiye wananchi. Alikuwa ananikatiza kila nikifika kwenye barabara, anasema ndivyo wanavyofanya.

Kesho yake akaja Mama Salome. Huyu ni mnunuzi wa Tanga ninayeuziana naye miaka yote, hana maneno mengi na hapendi kungoja. Lori lilikuwa tayari. Nikamweleza habari ya ugeni, kwamba asubiri siku chache tu.

Akabonyeza kabichi moja kwa kidole gumba.

"Baba Zaina, hii imeiva. Kabichi haijui itifaki."

Nikacheka, nikaona ni maneno ya wafanyabiashara. Akajaza lori kwa jirani yangu, akaondoka.

Siku ya ugeni ikafika, Mheshimiwa hakufika. Ratiba imebadilika. Tukaambiwa wiki ijayo. Wiki ijayo ikaja, nayo ratiba yake ikabadilika.

Lakini nisiwe mchoyo wa fadhila, maandalizi yalikuwa ya nguvu. Greda lilikuja likachonga barabara yote, tukatoka majumbani kulitazama. Mawe ya pembeni yakapakwa chokaa. Na shamba langu likawekewa mgambo wa kulinda, wawili kwa zamu, na sare zao na virungu. Jamani nililala. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kulima sikuamka kusikiliza muungurumo wa pikipiki.

Halafu mvua ikaanza.

Kwa wasiolima, kabichi iliyokomaa ikinywa maji mengi inapasuka. Inaanza ufa mdogo juu, kesho imefunguka kama kitabu, na iliyopasuka mnunuzi haigusi. Nilipoona nyufa za kwanza nilimfuata Mtendaji ofisini. Akaniambia nivumilie, ameambiwa na wa wilayani kuwa ni keshokutwa, na Mheshimiwa akikuta shamba tupu yeye atamweleza nini mkubwa wake. Niliona kabisa kwamba naye ana hofu. Hofu yake ilikuwa mshahara, yangu ilikuwa bonde.

Nikampigia Mama Salome. Akasema lori liko Lukozi, nikiweza kukata asubuhi hiyo atachukua zote ambazo hazijapasuka.

Kulipopambazuka nikachukua panga, nikashuka bondeni na mke wangu. Nilikuwa nimekata kabichi chache tu nikasikia mtu nyuma yangu.

"Shikamoo kaka."

Ni Shabani, mgambo. Kijana wa kijijini, harusi yangu alikula pilau.

"Marahaba Shabani."

"Weka panga chini kaka."

Nikadhani ni utani. Nikamwambia, Shabani, hizi si kabichi zangu? Akasema anajua ni zangu, ila ameagizwa lisitoke hata jani moja. Akaniomba samahani, halafu akanishika mkono. Kwa heshima kabisa, lazima niseme.

Kwa hiyo wakuu, baada ya miaka yote ya kulia na wezi wa mazao, hatimaye mwizi wa kabichi akakamatwa kijijini kwetu, na alikuwa mimi. Nilikalishwa kwenye benchi la ofisi ya kijiji na kielelezo pembeni, kabichi zangu kwenye kiroba. Waliokuja kwa shida zao walinisalimia wakauliza nimefanya nini. Nikawa najibu, nimevuna.

Mchana mke wangu akaja na Baba Mdogo kunidhamini. Sharti la dhamana, nisisogelee shamba mpaka ugeni upite. Mama Salome alishaondoka na lori lake.

Mheshimiwa alikuja. Siku aliyokuja kulikuwa na ukungu, magari yakawa yanatokea moja moja. Akashuka na mabuti mapya, akatusalimia Kishambaa kidogo, tukashangilia kama tulivyoelekezwa. Mimi nikapewa maiki kweli. Mtendaji alitimiza ahadi.

Nikasema yote. Sikutetemeka. Nikasema Mheshimiwa, tunaibiwa, wakulima hatulali, na tukiripoti hatupati msaada.

Mheshimiwa akageuka, akawatazama mgambo, walioongezwa siku hiyo wakasimama kwenye kila pembe ya shamba.

"Mbona ulinzi nauona ni wa kutosha kabisa? Hata mjini hatuna ulinzi kama huu. Hongereni sana."

Makofi.

Nikasema barabara, Mheshimiwa, mvua ikinyesha haipitiki.

"Nimepita mwenyewe sasa hivi, na mvua imenyesha jana. Tuwe wakweli ndugu zangu, barabara ni nzuri."

Makofi tena. Hapo nilimtazama Mtendaji, akawa anaangalia mawe yenye chokaa. Nilitaka kusema greda lilirudi kuichonga upya juzi tu. Nilitaka kusema hawa mgambo leo jioni hawapo. Lakini mkono wenye maiki ulikuwa umeshashushwa na kijana mmoja wa itifaki, taratibu, kama anayemnyang'anya mtoto kisu.

Kisha Mheshimiwa akainama kwenye kabichi. Zaidi ya nusu zilikuwa zimepasuka, nyingine zimeanza kuoza na kunuka. Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli kabisa.

"Hizi zimechelewa kuvunwa. Ndiyo tatizo la wakulima wetu, nguvu mnayo, elimu hamna. Mtendaji, huyu ndugu apewe mafunzo."

"Tumepokea, Mheshimiwa," Mtendaji akasema.

Wananchi wakapiga makofi. Na mimi nilipiga. Msiniulize kwa nini, mikono ilienda yenyewe. Mke wangu anasema yeye hakupiga, alikuwa analia, watu wakadhani ni furaha.

Jioni ile mgambo wakaondoka na sare zao. Wezi, watu wa kazi, walirudi usiku uleule. Kwa jirani walichukua karoti tuta zima. Kwangu waliingia, nyayo niliziona, wakaangalia, wakatoka mikono mitupu. Hapo ndipo nilipojua hasara yangu ni kamili. Nililisha ng'ombe wa kijiji karibu zote, na nilichopata kwa zilizobaki hakikutosha hata gharama ya mbolea, sembuse kodi.

Najua kuna mtu atauliza mafunzo nilipewa au la. Nilipewa. Semina ya siku moja Lushoto mjini, somo ni kuvuna kwa wakati. Chai na chapati vilikuwa vizuri.

Baada ya hapo Baba Mdogo akaniita kwake. Tukasalimiana kwa Kishambaa kwa kirefu, watoto, ng'ombe, mvua, magoti yake. Huku kwetu salamu zikirefuka hivyo ujue kinachofuata si kizuri.

"Mwanangu," akasema, "mimi sina shida na wewe. Lakini na mimi nakula kwa lile bonde. Nikikungoja wewe nitakula nini?"

Nilishukuru kwa miaka aliyonipa, nikatoka. Niliumia wakuu, sitaficha. Nilipita njia ya juu mwezi mzima ili nisilione.

Aliyelichukua bonde ni Mama Salome. Alisema amechoka kununua kwa wakulima wenye wageni. Na kwa kuwa yeye anaishi Tanga na kabichi zinahitaji mtu, akamtafuta anayelijua shamba. Akanitafuta mimi. Nikaenda. Sasa namwagilia kwa mfereji uleule, kwa ujira wa siku, na jioni nampigia kumpa ripoti.

Wiki iliyopita nikiwa napalilia, Mtendaji akatokea tena. Kabichi zimefunga vizuri, mawingu yamejaa mlimani. Akanisalimia kwa unyenyekevu, akasema kuna ugeni mwingine, mkubwa kuliko ule, na wameipenda sehemu hii.

Nikamwambia safari hii aongee na mwenye shamba. Nikampigia Mama Salome, nikaweka sauti ya juu ili wote tusikie. Mtendaji akajieleza vizuri sana, maendeleo, fursa, picha gazetini.

Mama Salome akamsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa mwanangu. Baba Zaina upo?"

"Nipo."

"Tafuta vijana, kateni zote leo. Na ndogo pia. Lori linakuja saa kumi."

Akakata simu.

Wakuu, nilikata kabichi siku ile kwa raha ambayo sijawahi kuipata shambani. Mtendaji amesimama pale anatutazama na hakuna mgambo, hakuna dhamana, hakuna ratiba. Nilikuwa naimba. Vijana wakawa wananicheka, wanauliza mzee leo umekula nini.

Lori lilipojaa nikapiga kofi ubavuni dereva aondoke, nikabaki nimesimama naliangalia linapanda kilima na mzigo mzuri, kabichi haijapasuka hata moja. Nikageuka nimwambie mke wangu, aliyekuja kutusaidia kukata, kwamba tumeuza. Mdomo ulishafunguka ndipo nikakumbuka kwamba hatujauza kitu. Nikamwambia tu twende nyumbani.

Nilichojifunza: mazao yakiiva vuna, atakayekuja akute shina. Na ukipewa maiki, kwanza uliza greda limepita lini.

Huo ndio uzi wangu, mke wangu kaupitisha bila marekebisho makubwa. Wenye uzoefu wa ugeni kama huu semeni, na wenye kunicheka chekeni, nimeshazoea. Ila kama kuna mtu anajua bonde la kukodi maeneo ya Gare au popote lenye maji, aniambie hapa hapa. Mbegu ninazo.